Kidaka, Kasha na Kabati: Msamiati wa Kuhifadhi Vitu katika Nyumba za Pwani, kwa Kurejelea Magarini

Utangulizi

Anayefasiri orodha ya fanicha za kale za Ulaya kwa Kiswahili hukutana mapema na kabati la nusu mwezi. Ni kabati fupi ambalo mgongo wake umenyooka ili uegemee ukuta, na tumbo lake ni la nusu duara linalotokeza chumbani. Umbo hilo lilipata umaarufu Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 18, hasa katika enzi ya Mfalme Louis wa 16 (1774-1792), na halikukawia kuvuka hadi Uingereza, ambako vitabu vya michoro ya maseremala, kama kile cha George Hepplewhite kilichochapishwa mwaka 1788, vilikuwa vikieneza mitindo ya wakati huo. Juu yake huwekwa vitu vya kutazamwa: saa, vyombo vya kauri, vinara vya mishumaa. Ndani yake, nyuma ya milango iliyopindwa, hufichwa visivyotakiwa kuonekana.

Jina la umbo si tatizo kubwa. Hilali halifai, kwani hilali ni mwezi mwandamo uliobonyea upande mmoja, na kabati hili halikubonyea popote. Nusu duara ni sahihi lakini lanuka somo la hisabati. Nusu mwezi latosha. Tatizo limo katika neno la kwanza, yaani kabati, ambalo tunalitumia kana kwamba lilikuwa nasi siku zote. Neno hili ni la mkopo kutoka Kiingereza, na kabla halijaingia, Waswahili na jirani zao walikuwa na vitu vya kuhifadhi na mahali pa kuvihifadhi. Walipaitaje?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuyachunguza maneno machache: kidaka, daka, shubaka, kasha, sanduku, bweta, saraka, uchaga, almari na kabati. Hoja yetu ni kwamba msamiati wa kale wa Pwani ulipambanua kitu kinachowekwa ili kionekane na kitu kinachowekwa ili kisionekane, na kwamba neno kabati limeufuta mpaka huo katika mazungumzo na, kwa kiasi fulani, katika kamusi. Mifano inatoka Lamu, Gedi na Malindi, lakini jicho limeelekezwa Magarini, kwa sababu zitakazobainika.

Ukuta unaohifadhi

Tangu Jost Trier alipochapisha kazi yake kuhusu nyuga za maana mwaka 1931, wanaisimu wengi wamekubali kwamba neno halielezeki vyema likiwa peke yake. Maana yake hukatwa na mipaka ya majirani zake. Katika uga wetu, hata hivyo, majirani hawatoshi. Lazima pia kujua nyumba ilijengwaje.

Nyumba ya mawe ya mwambao hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu usio na mwisho. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu kwa upande mmoja na vyembamba kwa upande wa pili. Upana wake hauzidi sana mita 3, maana boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo bila kupinda. Ukuta, kwa upande wake, ni mnene, nusu mita hivi. Basi mwenye nyumba ana sakafu finyu na ukuta mpana. Fanicha inayotokeza chumbani, kama lile kabati la nusu mwezi, ingemla nafasi ya kupita. Jambo la busara ni kuhifadhi ndani ya ukuta wenyewe.

Hapo ndipo kidaka kilipozaliwa. Kidaka ni tundu lililoachwa au kuchongwa ukutani, lisilopenya upande wa pili, lenye umbo la mstatili au la tao. Katika nyumba za matajiri wa Lamu na Pate za karne ya 18, vidaka vilipangwa safu juu ya safu hadi vikaufunika ukuta mzima wa chumba kiitwacho ndani, na vizingo vyake vikanakshiwa kwa chokaa. Waamu husema zidaka, kwa kuwa Kiamu hutumia kiambishi zi- pale ambapo Kimvita na Kiswahili sanifu hutumia vi-: zitu kwa vitu, zombo kwa vyombo. Umbo la zidaka limeenea mno katika vitabu vya historia na vya ujenzi hata wageni wengine hudhani ni neno lisilo na umoja. Ni ngeli ya KI-VI tu, iliyovaa kanzu ya Lamu.

James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu nyumba ya Mswahili, aliyatazama mambo ya ndani ya nyumba hizo kwa mpangilio wake: daka la mbele lenye viti vya mawe, tekani, kiwanda, misana, kisha ndani. Kadiri mtu anavyoingia ndivyo anavyokaribia mambo ya siri ya nyumba. Ajabu ni kwamba ukuta wenye vidaka vingi zaidi umewekwa huko mwisho, lakini umeelekezwa kiwandani, kiasi kwamba aliyeruhusiwa kufika kiwandani huuona kwa mbali. Mwenye nyumba anamwonyesha mgeni utajiri wake bila ya kumfikisha ulipo. Linda Donley-Reid, katika maandishi yake ya miaka ya 1980, alieleza kwamba kauri za Kichina zilizopangwa humo zilikuwa pia kinga dhidi ya jicho la hasidi. Ukikubaliana naye au usikubaliane, jambo moja halina shaka: kidaka hakina mlango wala kufuli. Kilichomo kimewekwa kitazamwe.

Fasihi yetu inalijua hilo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyoporomoka, miongoni mwa mambo aliyoyataja ni madaka yaliyokuwa ya kuwekea sahani na ambayo sasa yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Mhakiki anayesoma madaka hapo kama makabati hupoteza uzito wa taswira. Kabati likiachwa, mlango wake hubaki umefungwa na vumbi huingia polepole. Daka halina mlango. Ndege huingia siku ile ile watu wanapoondoka.

Nini asili ya neno hili? Hapa yafaa kutahadhari, kwani wanafunzi wengi hupenda njia ya mkato. Kuna kitenzi daka, yaani kupokea kwa haraka kitu kilichorushwa, na kuna kidakatonge, kile kinyama cha kooni. Kuna pia kidaka cha mnazi, tunda changa kabisa kabla ya kuwa kitale, kisha dafu, koroma na nazi. Na kuna daka la Lamu, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza, ambalo linafanana na neno la Kiarabu dakka, lenye maana ya benchi. Kufanana si ushahidi. Tunachoweza kukisema kwa uhakika ni cha kimofolojia: daka na madaka ni ukubwa, kidaka na vidaka ni udogo, na vyote viwili, ukumbi na tundu, ni sehemu zilizorudishwa nyuma ya uso wa ukuta. Shubaka, ambalo hutumiwa kwa maana iyo hiyo ya tundu la ukutani, asili yake ni rahisi zaidi: linatokana na neno la Kiarabu shubbak, dirisha. Mswahili alilichukua dirisha la Mwarabu akaliziba upande wa nje. Huo ni mfano mzuri wa mkopo unaobadilika maana kwa sababu ya jengo.

Kusini ya Malindi, karibu na Watamu, magofu ya Gedi yanatupa sura nyingine ya jambo hilo. James Kirkman aliyachimbua kati ya mwaka 1948 na 1958, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuta za Gedi zina vishubaka vya taa kandokando ya milango. Zaidi ya hayo, baadhi ya nyumba zilikuwa na vyumba vya akiba visivyokuwa na mlango wa kawaida. Viliingiwa kwa tundu lililo juu ukutani, kwa ngazi. Kwa hiyo ukuta ule ule uliokuwa na tundu la kuweka taa ionekane, ulikuwa pia na tundu la kuficha mali isionekane, na tofauti ya matundu hayo mawili ilikuwa ni kimo tu.

Kirkman alizipa nyumba za Gedi majina kwa vitu alivyovikuta humo: kuna nyumba ya kisanduku cha pembe, ya bakuli la kauri, ya kauri, ya mkasi. Msomaji ameona mtego. Kauri kwa Kiswahili ni kombe dogo la pwani lililotumiwa zamani kama fedha, na pia ni udongo mweupe wa Kichina unaong'aa. Nyumba mbili za Gedi, moja iliyopewa jina kwa kombe na nyingine kwa bakuli, zikifasiriwa ovyo zitakuwa nyumba moja. Si Kiswahili peke yake kilichoviona vitu hivyo kuwa ndugu: neno la lugha za Ulaya la bakuli za Kichina linatokana na jina la Kiitaliano la kombe hilo hilo, kwa sababu ya mng'ao wake.

Sanduku, kasha na bweta

Kisichowekwa kidakani huwekwa sandukuni. Maneno ya jamii hii ni ya wageni wawili wakubwa wa mwambao. Sanduku ni la Kiarabu. Kasha na bweta ni ya Kireno, kama ilivyo meza, nayo ni mabaki ya mawasiliano yaliyoanza Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 na kuendelea kwa karne mbili. Ni jambo la kutafakariwa kwamba Mreno, ambaye Pwani haimkumbuki kwa mapenzi, ametuachia maneno ya sanduku, kubwa na dogo.

Maneno haya matatu si visawe. Bweta ni dogo, la vito, karatasi na vitu vya thamani vinavyoweza kushikwa mkononi. Kasha ni kubwa na zito. Sanduku ni neno la jumla, na kwa sababu ya ujumla wake ndilo lililopata bahati ya kupanuka: sanduku la posta, sanduku la barua, sanduku la kura. Kasha nalo limepanuka kwa njia ya ukubwa. Magazeti ya Kenya huyaita makasha yale masanduku ya chuma yanayoshushwa melini bandarini Mombasa. Bweta halikupanuka popote, na leo wanafunzi wengi hulijua kwa kulisoma tu.

Kasha la mbao la mwambao, lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, lina kisa kinachotuhusu sisi watu wa istilahi. Wauzaji wa vitu vya kale wa Ulaya huliita kasha la Kiarabu au kasha la Zanzibar. Sheila Unwin, aliyelichunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu mwaka 2006, aliyagawa makasha hayo katika aina tatu kuu kwa majina ya Surat, Bombay na Shiraz, na alionyesha kwamba mengi yalitengenezwa India, si Uarabuni wala Unguja. Yalikuja kwa majahazi ya msimu yakiwa yamejaa bidhaa, na mengine yakiwa ni mali ya mabaharia wenyewe. Jina la kibiashara linaeleza mahali kitu kiliponunuliwa na Mzungu, si mahali kilipotoka. Mwanafunzi anayetafsiri maelezo ya makumbusho akiandika kasha la Kiarabu atakuwa ameufasiri uvumi.

Ndani ya kasha la aina hiyo mna kijisehemu cha pembeni, chenye kifuniko chake, cha kuwekea vitu vidogo. Mengine yana pia vitoto vya kuvuta kwa chini. Neno la kijisehemu hicho ni saraka. Hili ndilo neno lililosafiri mbali kuliko yote katika uga huu, kwani waunda istilahi za kompyuta wamelitumia kwa orodha inayokusanya majalada ndani ya mashine. Nadhani walifanya vyema. Kisehemu kilichofichika ndani ya sanduku, ambamo mna vitu vilivyopangwa, kimekuwa kisehemu kilichofichika ndani ya sanduku jingine. Aidha, Kiswahili kina mtoto wa meza kwa kile ambacho vijana huita droo, na sioni sababu ya kumwacha mtoto huyo afe maadamu wazee wangali wanamlea.

Tofauti ya kasha na kidaka, tukiitumia njia ya uchanganuzi wa vijenzi vya maana, ni ya kinyume katika kila kijenzi. Kidaka ni wazi, kasha limefungwa. Kidaka hakihamishiki, kasha lina vishikio vya kubebea. Kidaka ni cha nyumba, na mwenye nyumba akiuza nyumba amekiuza. Kasha ni la mtu, na huondoka naye akiondoka, awe nahodha au mke aliyeachwa. Nyumba ya kale ilihitaji vyote viwili kwa sababu kila kimoja kilifanya kisichoweza kufanywa na chenziwe.

Juu ya meko

Mpaka hapa tumezungumzia nyumba ya mawe. Lakini Magarini, na eneo zima la nyuma ya Malindi, wengi hawakuishi katika nyumba za mawe. Nyumba ya Mgiryama wa zamani ilikuwa ya miti na nyasi. Haikuwa na ukuta mnene wa kuchongwa tundu. Akiba iliwekwa juu. Ndani ya nyumba, juu ya meko, hujengwa jukwaa la fito ambalo Kigiryama huliita lutsaga. Mahindi hupandishwa huko yakiwa na maganda yake, na moshi wa kila siku huyakausha na kuwafukuza fukusi. Jiko linapika chakula cha leo na kulinda cha mwakani kwa moto huo huo. Seuze nyumba yenye wake zaidi ya mmoja, ambamo kila mke ana meko yake na hivyo ana akiba yake.

Kiswahili kina neno hilo hilo: uchaga. Kigiryama na Kiswahili ni lugha za kundi moja, ambalo wanaisimu wameliita Sabaki, na mlinganisho wa sauti ni wa kawaida: ts ya Kigiryama kwa ch ya Kiswahili, kama katika tsini na chini, utsungu na uchungu, na kiambishi lu- kwa u- katika ngeli ya 11, kama katika lulimi na ulimi. Ni neno la urithi, si la mkopo. Katika uga mzima tunaouchunguza, ambamo sanduku ni la Kiarabu, kasha la Kireno, kabati la Kiingereza, neno lililo letu tangu kale, tena la pamoja baina ya mji na shamba, ni lile la jukwaa la fito lenye masizi. Wingi wake, chaga, unasikika hata leo katika karakana za maseremala kwa maana ya mbao za kitanda zinazolala chini ya godoro. Muundo ni ule ule: fito zilizolazwa sambamba kubeba uzito.

Kwa upande wa kuonekana na kutoonekana, uchaga una tabia yake. Hauna kufuli, lakini haukai machoni. Giza na moshi ndiyo mlango wake. Mgeni aliyeketi nje hajui kama umejaa au umebaki mtupu. Nyumba zilizokuwa na uchaga zilikuwa pia na vyombo vidogo vya kuning'inizwa au kuwekwa pembeni: susu la kamba la kuwekea vyombo vya chakula ili paka asivifikie, jamanda lenye kifuniko, mitungi. Hivyo hatuvijadili hapa kwa kuwa kila kimoja kinastahili makala yake.

Kabati limemeza nini

Almari lilitangulia. Asili yake ya mbali ni Kireno, lakini lilitufikia likiwa limepitia lugha za Kihindi, pamoja na mafundi na wafanyabiashara wa kutoka huko. Kisha likaja kabati, na likayafunika mengine yote. Leo kuna kabati la nguo, kabati la vyombo, kabati la vitabu, kabati la faili, kabati la dawa. Wepesi huu una faida zake. Neno la jumla linalopambanuliwa kwa kirai husaidia kuunda istilahi upesi. Lakini kabati la nguo na kabati la vyombo, kwa mizani ya nyumba ya kale, havihusiani kabisa. La kwanza ni mjukuu wa kasha: hufungwa kwa ufunguo na huwekwa chumbani. La pili, lile lenye vioo, husimama sebuleni likiwa na vikombe na sahani ambazo mwenye nyumba hali humo wala hanywi humo isipokuwa siku ya mgeni mkubwa. Hilo ni mjukuu wa kidaka. Nyumba ya bati ya Gongoni au ya Marafa yenye kabati la vioo sebuleni inafanya kile kile kilichofanywa na ukuta wa Lamu wa karne ya 18, ingawa hakuna anayelitamka neno lile.

Huu ndio upungufu wa kufasili kabati kwa umbo pekee, yaani chombo cha mbao chenye milango na rafu. Fasili ya namna hiyo inasahau kioo. Kioo ni mlango unaofungwa bila kuficha. Kwa hiyo kabati la vioo ndilo la kwanza katika uga huu kuunganisha vijenzi vya kidaka na kasha kwa pamoja. Na kabati la nusu mwezi, tulilolianza, liliviunganisha kwa njia nyingine: juu daka, chini kasha. Mfasiri akilijua hilo ataweza kueleza kwa sentensi moja ya Kiswahili kitu ambacho orodha za wauzaji hukieleza kwa aya.

Wakati huo huo kidaka chenyewe kimepata maisha mapya mahali pasipotarajiwa. Hoteli na nyumba za kifahari za ufuo wa Malindi hujengewa kuta za vidaka, vikamulikwa kwa taa za umeme. Vingi ni vitupu. Si vibaya kuvitazama, lakini kidaka kilichojengwa ili kionekane chenyewe, bila kitu ndani, ni neno lililobaki na umbo likapoteza maana. Mwanasemantiki hawezi kupita hapo bila kusimama.

Magarini kama uwanja wa utafiti

Wanafunzi wetu wakitaka kuandika tasnifu kuhusu msamiati wa nyumba, hukimbilia Lamu. Basi la kwenda huko likivuka daraja la mto Sabaki kaskazini ya Malindi huwa limeingia Magarini, na wao husinzia hadi Garsen. Mto walioupita ndio ulioipa jina jamii ya lugha wanayoisomea.

Magarini ina jambo ambalo Lamu haina. Katika eneo moja dogo la utawala imo Mambrui, mji wa kale wa Waswahili ufuoni, na viko vijiji vya Wagiryama bara yake, mwendo usiozidi siku moja kwa miguu. Mambrui pana kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina, na wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wa Chuo Kikuu cha Peking waliochimba huko kuanzia mwaka 2010 walipata sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, ya mwanzo wa karne ya 15. Bakuli lililopachikwa katika nguzo ya kaburi ni kidaka cha mwisho: kimejazwa, kikazibwa kwa chokaa, na mwenyewe hatakitoa tena. Kiswahili cha Mambrui na Malindi, kijiografia, kimekaa kati ya Kiamu na Kimvita. Bara yake kidogo, lutsaga. Mpaka wa maneno ya kuhifadhi unapita humo, na unaweza kuchorwa ramani na mwanafunzi mmoja mwenye daftari na miguu mizima.

Kuna sababu ya kufanya haraka. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Aidha imeitaja kwa jina milango na miimo iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vilivyolindwa. Kasha la zamani lina hifadhi hapo kwa tarehe yake, ikiwa mwenyewe anaijua. Uchaga hauna hifadhi yoyote, kwa kuwa hakuna uchaga unaodumu miaka mia. Hubomolewa pamoja na nyumba na kujengwa upya, na siku nyumba mpya inapoezekwa kwa bati na jiko kutolewa nje, haujengwi tena. Ukiondoka, na maneno ya sehemu zake, ya ngazi yake, ya mpangilio wa magunzi na mbegu juu yake, yataondoka bila sheria kuvunjwa.

Atakayekwenda asiulize hiki kinaitwaje peke yake. Aulize kinawekwa nini humo, nani huruhusiwa kukitoa, kinaonekana kutoka wapi, na mwenye nyumba akihama hukiacha au hukichukua. Aulize wanawake kwanza, maana ndio wenye funguo. Afike kwa maseremala, awasikilize wakizungumza na wateja, si wakijibu maswali ya mtafiti, kwani fundi akiulizwa na msomi hujibu kwa lugha anayodhani msomi anaitaka. Awachukue Mambrui wazee wa nyumba za mawe, na Marafa wazee wa nyumba za miti, na asiwachanganye katika jedwali moja kabla ya kuona kama wanazungumzia kitu kimoja. Na huko Mambrui, kabla ya mengine yote, aoneshe kidole kwenye tundu moja la ukutani, kisha kwenye matundu mawili, na aandike kile hasa anachokisikia: vidaka, au zidaka.